Acheni Njia Ilale

Mheshimiwa Meya wa Val-Corbeil, Bi. Fernande Ouellette, Mwenyekiti wa klabu yetu ya njia za theluji, Bwana Hervé Lachance, wenye mashamba na misitu mnaotuachia mageti wazi kila majira ya baridi, wageni wetu wanne mliozunguka na barabara yenye tope kutoka Pike Narrows, ndugu wanachama, na zaidi ya wote wewe, Mzee Ovila Gaudreault, ambaye sherehe hii ya kukuaga ni yako na ambaye tangu supu ya njegere iletwe unaangalia saa: habari za jioni.

Kabla sijamsifu mtu yeyote, niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia binadamu. Mimi, Coralie Veilleux, niliyezaliwa kijijini hapa, ambaye dirisha langu linatazama njia, naziogopa pikipiki za theluji. Naziogopa sana. Nilipokuwa mdogo, nikipakiwa nyuma, nilifumba macho safari nzima, halafu nikishuka nasema, "Tamu kweli!" kwa kuwa watoto wote walisema hivyo. Basi, mmejua. Bwana Gilles, usicheke, bado sijafika kwako.

Mtauliza: mtu wa namna hiyo anatafuta nini mbele ya klabu hii? Kila mwaka, kwenye chakula hiki cha kufunga msimu, mmenisimamisha hapa kwa sababu nimesoma kwa lugha mbili, niwaeleze wa Val-Corbeil yale wa Pike Narrows waliyosema kwa Kiingereza, na kuwarudishia majibu yenu ya Kifaransa. Nilikuwa naona haya, lakini si sana, maana maneno yalikuwa ya wengine. Safari hii Mwenyekiti ameniambia, "Coralie, leo sema ya kwako." Tangu siku hiyo nimekuwa nikiomba niugue mafua. Sikuugua. Nitasema kila kitu mara mbili kama kawaida, kwa hiyo wageni wetu mtuwie radhi, mtacheka nyuma kidogo ya wenyeji.

Mzee Ovila, wengi humu wanakufahamu kwa urefu wa miguu yako, ambayo hata sasa imetokea upande wa pili wa meza. Mimi nakufahamu kwa mlio. Trekta lako la kusawazisha theluji ndiyo mashine pekee ya msituni ambayo siiogopi. Linakwenda polepole, linaburuta lile sanduku lake la visu, linakwangua matuta, linajaza mashimo, na nyuma yake njia inabaki imenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Nikilisikia linapita nyuma ya nyumba yetu, najua kesho kuna mtu anaweza kufika.

Nani asiyekumbuka namna ulivyokuwa ukisimamisha watu pale darajani? "Stika ya kibali iko wapi?" Na wao: "Aa, Mzee, theluji inashuka bure kutoka mbinguni, kibali cha nini?" Na wewe: "Kweli inashuka bure. Iache basi ilale pale inaposhukia, upite juu yake kwa miguu." Wangapi humu ndani wameshakwenda kununua kibali siku hiyohiyo kwa sababu ya jibu hilo? Msinyooshe mikono, wake zenu wapo.

Lakini tuulizane kwa upole, kwa kuwa baada ya pai ya sukari mtapiga kura. Ni nani anayelipia dizeli? Ni nani anayelipia visu vinavyokatika kwenye mawe, mbao za daraja zinazooza kila mito ikifura, misumeno ya wale wanaokwenda msituni kabla ya theluji kuondoa miti iliyoanguka? Wanaokwenda wenyewe hawalipwi hata chai. Ile stika ndogo kwenye kioo cha pikipiki ndiyo inayobeba yote hayo, na mwaka huu theluji imechelewa kuja, imewahi kuondoka, na wengi wamesema, "Mwaka huu sinunui, msimu wenyewe uko wapi?" Daraja halikusikia maneno hayo. Limeoza vilevile.

Ndiyo maana Kamati imeleta mambo mawili. Ama ada ya kibali ipande, daraja litengenezwe na njia ya kwenda Pike Narrows ibaki. Ama ada ikae ilipo, tubaki na mzunguko mfupi wa kando ya ziwa peke yake, na njia ya Pike Narrows tuuachie msitu uichukue. Na hata ada ikipanda, hakuna aliyejitokeza kukaa kwenye kiti cha trekta cha Mzee Ovila. Mwenyekiti ameuliza kanisani, ameuliza dukani, ameuliza kwenye mashindano ya uvuvi wa kwenye barafu. Watu wote ghafla wana mgongo unaouma.

Kwa wengi wenu njia hiyo ni ya kwendea kula viazi vya kukaanga Jumamosi. Kwangu mimi ni ya mama yangu.

Mnajua mama yangu, Noreen, alirudi kwao Pike Narrows. Mnajua, maana kijiji hiki hakina jambo lisilojulikana. Mimi nilibaki na Baba kwa ajili ya shule. Mama hana gari. Ana pikipiki ya theluji ya marehemu babu, kuukuu, yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwa barabara, kulizunguka ziwa, ni mchana mzima. Kwa njia yetu, ukipita msituni na darajani, unafika chai ya chupa bado ina moto. Basi watu wengine wanangoja majira ya joto. Mimi, wakati majani yanachipua na nyinyi mnafurahi, nahesabu kwamba Jumapili zangu za kutembelewa naye zimekwisha. Naisubiri baridi namna wenzangu wanavyosubiri likizo.

Sasa niwaambie kisa cha Januari, Bwana Gilles, hapa ndipo unapoingia.

Wote tunaijua sheria ya Mzee Ovila: njia ikishasawazishwa, acheni ilale. Inakuwa laini kama uji unaopoa, inataka saa kadhaa za baridi ishikamane iwe ngumu. Ukiiacha, itabeba watu wiki nzima. Ukiipanda ikiwa bado laini, unaichana, na kazi yote inarudi kuwa matuta. Na wote tunajua tunavyofanya. Tukisikia trekta limepita, hatuwezi kujizuia, kila mmoja anataka awe wa kwanza kwenye ule weupe usioguswa. Tunaipenda mpaka tunaiharibu, halafu tunalalamika kwamba ada ni kubwa na njia ni mbovu.

Jumamosi moja mkanda wa trekta ulikatika, kwa hiyo Mzee Ovila alisawazisha Jumapili asubuhi. Mama akafika darajani akamkuta amesimama katikati, mikono ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Simama hapohapo, Bibie!"

"Mzee Ovila, mwanangu ananisubiri."

"Hata njia inasubiri. Ndiyo kwanza imelala."

"Itaamka lini?"

"Ukipiga kisigino kisizame."

Mzee anasema Kifaransa, Mama anasema Kiingereza, na kila mmoja anaelewa nusu, lakini hiyo nusu ilitosha. Mama akazima pikipiki. Wakaingia kwenye kile kibanda cha kuotea moto. Mzee akamkatia nusu ya mkate wake wenye nyama ya kusaga, na kwa mujibu wa Mama, akamwonyesha picha za wajukuu wote, kisha akarudia wale aliowapenda zaidi.

Mara wakapita watu watatu wakitoka huku kwetu, kasi, wanapiga vigelegele, theluji inaruka mpaka juu ya miti. Siwataji. Mmoja wao anafuta mdomo kwa kitambaa sasa hivi ingawa pai bado haijaletwa.

Mzee Ovila akatoka, akaitazama njia, akasema maneno ambayo katika utafsiri wangu wote sijawahi kuyatafsiri na leo pia sitayatafsiri. Kisha akapanda trekta, akageuka, akaanza upya. Dizeli ileile mara mbili, kwa kibali kilekile kimoja. Na Mama, mbele ya njia ambayo tayari wenzake walikuwa wameichana, ambako asingeharibu kitu zaidi ya kilichokwisha kuharibika, alikuwa na ufunguo mkononi. Alikaa.

Mimi nilikuwa dirishani. Nilimngoja asubuhi, nikamngoja mchana. Simu kule darajani haishiki. Nilikwishaamua moyoni kwamba hatakuja, na si siku hiyo tu. Alipoingia jua linazama, uso mwekundu kwa baridi, nilimpokea kwa ukali badala ya kumkumbatia. Aliposema alikuwa darajani akingoja njia ishikamane huku wengine wakipita, nikamjibu: "Ungepita tu! Wenzako si wamepita?"

Alikuwa anakunywa supu amesimama, maana ilibidi arudi kabla giza halijawa zito. Akasema, "Coralie, nikiivunja leo, Jumapili ijayo nitapita wapi?"

Mzee Ovila, hujawahi kumweleza mtu yeyote habari hiyo. Mama ndiye aliyeniambia baadaye ulivyopita mara ya pili, ukasimamisha trekta, ukashuka, ukapiga kisigino mwenyewe mara tatu ndipo ukamwambia, "Haya, nenda. Msalimie mtoto." Sikukushukuru siku ile. Nilikuwa sijui. Nakushukuru leo.

Wiki iliyofuata nilichukua pesa yangu ya kulea watoto wa jirani nikaenda kituo cha mafuta kwa Bi. Huguette kununua kibali.

"Cha mashine gani?" akaniuliza.

"Hakina mashine."

"Eti? Sasa utakibandika wapi, mgongoni?"

Nimekibandika kwenye kioo cha dirisha langu. Ndipo ninapoitumia njia mimi, dirishani. Nikaona ni haki nilipe.

Mkienda nyumbani leo, tazameni nyuma ya shule. Msitu wote umeshakuwa wa kahawia, theluji imekwisha mashambani, lakini njia bado ipo. Ile theluji iliyokandamizwa majira yote ndiyo ya mwisho kuyeyuka. Ni utepe mweupe, umetiwa uchafu wa majani, unapita katikati ya miti mpaka darajani. Haumbebi mtu tena. Kila jioni nautazama ukipungua, na huwa nakwenda kuukanyaga kidogo, kwa kisigino. Unazama.

Bado jambo moja, kisha nakaa.

Hotuba hii nimeiandika kwa wiki mbili kwenye meza ya jikoni. Kila nikisikia viatu vya Baba barazani, karatasi inaingia chini ya kapu la mkate. Si kwamba Baba ni mkali. Mnamfahamu Donat Veilleux, amekaa pale karibu na mlango, koti hajavua. Ila nyumbani kwetu jina la Mama linatamkwa namna mtu anavyotembea juu ya barafu changa ya ziwa: hatua moja, kisha unasikiliza. Na Baba ni mmoja wa wanaosema theluji inashuka bure. Tangu Mama aondoke hajanunua kibali, na mwaka jana mkono wake ulikuwa wa kwanza kupinga ada.

Jana viatu vilikuja. Akakung'uta tope, cha kushoto, cha kulia. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya karatasi. Nikamwona Mama akilini, kwenye kile kibanda, ufunguo mkononi. Nikauondoa mkono. Karatasi ikabaki pale mezani, wazi. Mlango ukafunguka.

Baba aliisoma amesimama. Alipofika penye daraja akarudi juu akasoma tena.

"Alikaa pale mchana kutwa?"

"Ndiyo, Baba."

"Hakuniambia."

"Hukumwuliza."

Akaenda kwenye bomba, akajaza glasi, akanywa yote akiwa amenipa mgongo. Nikangoja aseme ya theluji ya bure. Akaiweka glasi chini.

"Hilo trekta la Ovila," akasema, "kile kiti kinasogea mbele? Mimi miguu yangu mifupi."

Mimi mashine nitazijulia wapi? Nimekesha nikifikiri nimwulize nani, nikaona mwenye kujua atakuwa hapa leo na mgeni wa heshima hawezi kuondoka kabla ya pai.

Basi Mheshimiwa Meya, Mwenyekiti, wenye mashamba, wageni na wanachama, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu mara mbili, kwa lugha zote mbili, bila hata mmoja kuniambia niseme kwa sauti. Mzee Ovila, pumzika, umetufikisha. Ila kabla hujakaa vizuri, nakuuliza mbele ya watu wote, na Baba naye anasikia:

Kile kiti, kinasogea?