Maji Hayana Moyo

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Na kama mikono yenu ni michafu, nendeni mkanawe kwanza. Leo tunamkumbuka Mama Glavu, naye angewafukuza.

Mama Glavu alikuwa mtaalamu wa maabara. Kaka yake, fundi viatu, anasimulia: "Siku ya harusi yake nilimpa mkono, akakagua kucha zangu. Mbele ya bwana harusi!"

Kazi yake ilikuwa mioyo. Narudia: mioyo. Moyo una vipokezi vinavyopokea amri za neva: kimbia, tulia. Vipokezi hivyo vina aina zake. Mama Glavu alichukua vipande vya tishu vilivyotolewa kwa wagonjwa, vidogo kama punje ya mchele, akapima jeni ya kila aina inafanya kazi kiasi gani.

Kisha kaka mtu akaugua moyo. Hata ngazi hapandi. Daktari alikuwa na dawa mpya inayochochea aina moja tu ya kipokezi. Aina hiyo ikiwa tele kwenye mioyo inayougua kama wake, dawa itaponya. Ikiwa chache, inaweza kuua. Kila kitu kilingoja vipimo vya dada mtu.

Siku ya majibu, chumba kizima kiliikodolea macho skrini. Mistari ikapanda. Tele! Daktari akapiga makofi. "Kesho tunaanza na kaka yako."

Mama Glavu alikuwa akitazama mstari wa chini, wa kichupa cha maji. Maji matupu, wasikilizaji, yanayowekwa makusudi ili yakae kimya. Mstari ule nao ukaanza kupanda.

"Umepanda kidogo tu, dada."

"Maji hayana moyo, daktari. Hicho kipokezi yamekitoa wapi?"

"Kaka yako hana muda."

"Najua. Ni kaka yangu."

Uchafu ulikuwa umeingia kwenye kemikali, basi zote zikaenda pipani. Kaka akapiga simu: "Utaniua kwa usafi wako!" Alivaa glavu mpya, akaanza upya.

Safari hii maji yalinyamaza. Na aina ile? Karibu haikuwapo. Dawa ikarudi kabatini, kaka akatibiwa kwa njia nyingine.

Mama Glavu ametutoka wiki hii, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Fundi viatu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akapanda nalo ngazi zote za kanisa. Lakini kabla ya kuligusa aliomba maji, akanawa mpaka kucha.

Poleni sana, familia. Nawe unayeshangilia jambo lako leo, hebu tazama tena mstari wa chini.