Daktari Tuulikki na Swali la Sauna

Baada ya miaka ishirini na tisa katika idara ya macho ya hospitali yetu hapa Savonlinna, Finland, Daktari Tuulikki Hyvärinen anastaafu tarehe 31 Mei. Jarida hili lilipaswa kuchapwa jana. Nimelizuia mimi, muuguzi wake, na msomaji ataona kwa nini.

Alisomea udaktari Turku, akabobea katika upasuaji wa macho Kuopio, kisha akaja kwetu. Amewaondolea mtoto wa jicho wazee wengi mno, hata dukani hanunui maziwa bila mtu kumfuata hadi kwenye friji kumweleza anavyoona siku hizi. Hakumpasua mtu kabla ya kunywa naye kahawa na kujibu maswali, nayo ni yale yale. Itauma? Hapana, matone yanatia ganzi. Nitakiona kisu? Utaona mwanga na rangi tu. Nikitaka kukohoa je? Minya mkono wa muuguzi, tutasimama. Mtoto wa jicho atarudi? Lenzi mpya haipati ugonjwa huo. Ukungu ukitanda nyuma yake, husafishwa kwa leza.

La mwisho, hata kwa anayetetemeka, huwa moja: sauna lini? Yaani ataruhusiwa lini kurudi kwenye bafu letu la mvuke moto. Jibu ni wiki mbili. Mzee Urho Kosonen aliona hiyo ni sheria ya watu wa mji mkuu, Helsinki, akaingia sauna jioni ile ile ya upasuaji. Kesho yake alirudi na jicho jekundu kama nyanya, na Daktari akamsema mpaka mkewe akamwonea huruma. Lakini swali lenyewe Daktari alilipenda.

"Anayeuliza sauna ameshaamini ataona," alikuwa akituambia. "Asiyeuliza, kaeni naye karibu."

Majira ya baridi yaliyopita mshipa uliziba ndani ya jicho lake la kushoto, likazimika. Siku hiyo hiyo aliacha kupasua, akabaki kufundisha. Kisha mtoto wa jicho akaanza kutanda kwenye la kulia, lile moja lililobaki. Alipiga chenga wee, mpaka asubuhi aliposalimia koti langu lililotundikwa ukutani.

Jana alilala mezani mwenyewe. Mpasuaji alikuwa Daktari Eero Pesonen, mwanafunzi wake, na uso ulikuwa umemparara. Mkono niliushika mimi. Kahawa alikuwa ameinywa, lakini hakuuliza swali hata moja. Nililingoja lile la sauna, halikuja, na niseme kweli, niliogopa. Katikati ya kazi akaniminya. Eero akasimamisha kazi papo hapo.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Nilitaka tu kujua kama mpo."

Usiku usingizi sikuupata. Leo asubuhi Eero alimwondolea kinga ya jicho, akamwonyesha ubao wa herufi. Daktari akausoma wote hadi mstari mdogo wa chini, na hakuna aliyeshangilia. Ubao ule ameukariri tangu zamani, na sote tunajua hapendi kututia simanzi. Eero akaanza kutafuta ubao mwingine.

Ndipo Daktari akamgeukia.

"Sauna lini?"

Tulijibu kwa pamoja, wengine kwa machozi: wiki mbili.

Jarida limekwenda kuchapwa. Daktari Tuulikki, asante kwa macho ya mji huu na kwa subira yako kwetu. Tunakutakia ustaafu wenye afya na mapumziko ya kweli. Mzee Urho amejitolea kukuwashia sauna yake ya kando ya ziwa. Tumemwambia asiguse kuni kabla ya wiki mbili kutimia.