Sefania Asheri na Nyumba ya Kiwanja Namba 27

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu, tarehe 4 Novemba 1957, hakuna mtu aliyepiga hodi katika mitaa ya Same. Wenye nyumba walikuwa wamefyeka majani na kuzibua mitaro tangu Jumapili jioni, kama walivyozoea. Asubuhi wakakaa barazani, wakasubiri. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Upepo ulileta vumbi lake kutoka upande wa reli, na hakuna aliyesimama uwanjani kuuliza kwa nini pipa la maji halina mfuniko. Mzee aliyekuwa akiuliza alikuwa kitandani. Siku kumi baadaye alifariki, na leo tunamzika.

Marehemu Sefania Asheri Mgonja alizaliwa hapa Vudee mwaka 1900, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Asheri na Mama Lea. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alisema ilikuwa wakati wa kupanda maharage, mwaka ambao watu walianza tena kupata cha kupanda baada ya njaa kuu. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka, na Sefania alikua akimrushia matita ya nyasi juu ya paa, akijifunza mapema kwamba nyumba isiyoangaliwa haichukui muda mrefu kurudi kuwa kichaka.

Aliingia shule ya misheni ya Vudee mwaka 1909 na kubatizwa mwaka 1912. Vita vilipopita katika milima yetu mwaka 1916, shule ilifungwa, naye akachukuliwa upagazi. Alirudi mwishoni mwa mwaka 1918 akiwa na homa, kovu begani, na kamusi ya Kiingereza iliyong'oka jalada, ambayo hakuwahi kueleza aliipata wapi. Kwa kamusi hiyo alijifundisha Kiingereza peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Aliwahi kukiri kwamba kwa miaka miwili alijua maneno mengi ya herufi za mwanzo kuliko ya herufi za mwisho.

Mwaka 1924 aliajiriwa kuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Same, na mwaka 1929 akawa karani wa mji. Kazi yake ilikuwa kutunza daftari la viwanja, kuzunguka na Bwana Afya kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na kuandika ilani kwa watu ambao kuta zao zimeinama, paa zinavuja au vyoo vimejaa. Mwaka 1934 kanuni mpya za utunzaji wa nyumba zililetwa kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja, naye akapewa mwezi mmoja azitie katika Kiswahili. Watu walipozisoma walikimbilia kurasa za adhabu. Yeye alisema kanuni yote iko ukurasa wa kwanza, pale maneno yanapoelezwa: nani ni mwenye, nani ni mkaaji, kero ni nini, na nyumba iliyoachwa ni ipi. Watu huuruka ukurasa huo, alisema, na humo ndimo inamoamuliwa wao ni nani.

Aliwaeleza kwa subira. Hamisi, fundi cherehani aliyepanga chumba karibu na soko, alikuja siku moja kulalamika kwamba paa linavuja na aliyempangisha amekataa kuliziba. Sefania akamfungulia ukurasa wa kwanza: paa ni juu ya mwenye, usafi wa chumba na uwanja ni juu ya mkaaji. Hamisi akafikiri kidogo. "Kwa hiyo, Karani, mvua ikinyesha mimi ndiye mkaaji, jua likiwaka yeye ndiye mwenye." Sefania alicheka mpaka akavua kofia, kisha akaandika ilani ya paa siku ileile.

Tarehe 12 Juni 1926 alifunga ndoa na Dorkas katika kanisa la hapa Vudee. Walijaliwa watoto watano, mmoja akatangulia mbele ya haki akiwa mchanga. Nyumba yao ilikuwa ya serikali, nyuma ya ofisi, na Sefania hakuiruka katika mzunguko wake. Jumatatu moja aliingia jikoni kwake mwenyewe na daftari, akaona masizi darini, akamwandikia mkewe ilani ya siku kumi na nne. Mama Dorkas aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaiwashia moto wa makande. Jioni Sefania aliyala makande hayo.

Inatupasa sasa kueleza habari ya mwaka 1941. Marehemu alituagiza, akiwa bado na sauti, kwamba isirukwe.

Tarehe 3 Machi mwaka huo alifariki Karoli, fundi wa reli, aliyekuwa akikaa kiwanja namba 27 nyuma ya stesheni. Watu walikesha uwanjani pake usiku mmoja, moto ukawaka mpaka asubuhi, kisha mwili ukapelekwa kuzikwa kwao Kilomeni. Mjane wake, Mama Koleta, alifunga mlango akaenda huko kukaa arobaini. Mama Dorkas alikuwapo kwenye mkesha. Sefania alituma rambirambi ya sukari.

Uwanja wa msiba kwetu haufagiliwi mpaka matanga yaanuliwe. Kila Mpare aliyesimama hapa analijua hilo, na Sefania alilijua tangu msiba wa baba yake. Lakini tarehe 25 Machi, katika mzunguko wa ziada, alipita mitaani kwa namba, kama daftari lilivyopangwa, na alipofika namba 27 hakuona msiba. Aliona majani yaliyoota kwa mvua, majivu yasiyozolewa, ukuta wa nyuma umemeguka. Daftari lilimwambia mwenye ni Karoli, na pembeni yake alikuwa ameshaandika kwa mkono wake kwamba Karoli ni marehemu. Hakukuwa na jina lingine. Kwa ukurasa wa kwanza, nyumba isiyo na mwenye wala mkaaji, yenye dalili za kutoangaliwa, ni nyumba iliyoachwa. Alibandika ilani mlangoni na kwenda namba 28.

Siku kumi na nne zilipita, na hakuna jirani aliyeisoma ilani ile, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukanyaga uwanja wa watu walio katika msiba. Tarehe 8 Aprili wafungwa waliletwa na sururu. Jirani, Sharifa, alitoka akawaambia wenyewe wako matangani. Mnyapara akamjibu amuulize karani. Karani alikuwa upande mwingine wa mji, akipima mtaro. Hadi adhuhuri nyumba ilikuwa chini.

Jumamosi, mkesha wa Pasaka, Mama Koleta alishuka kutoka Kilomeni, akapanda lori Lembeni, akafika Same na mkungu wa ndizi kichwani. Alikuta kizingiti na mafiga tu. Hakulia pale. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa karani, akautua mkungu mlangoni, akaitikia shikamoo za watoto, kisha akamtazama Sefania.

"Sukari yako tuliinywa Kilomeni, Karani," alisema. "Hukumbuki ulimtumia nani?"

Sefania aliingia ndani akachukua daftari lake, labda kwa mazoea ya kutafuta jibu humo. Akasoma kwa sauti yale aliyoyaandika: uwanja haujafagiliwa, majivu hayajazolewa, moto umezimwa, mlango umefungwa, hakuna mtu. Mama Dorkas alikuwa amesimama kando akisikiliza.

"Baba Eliakunda," alimwambia, "hayo uliyoandika ni matanga."

Alituambia baadaye kwamba hapo ndipo alipolifunga daftari. Kila alama ya msiba ilikuwa katika daftari lake, kwa mwandiko mzuri, na juu yake alikuwa ameandika neno "kosa".

Mama Koleta alipeleka shauri barazani, nalo likapangwa tarehe 23 Aprili. Alichodai kilikuwa wazi: nyumba ilibomolewa kimakosa, na kiwanja kisipewe mtu mwingine, kwani tayari palikuwa na mfanyabiashara anayekitaka. Siku moja kabla, mkubwa wake wa kazi alimwita Sefania akamwambia ataulizwa swali moja tu, kama ilani ilitolewa, na jibu lake ni ndiyo. Akijibu hivyo shauri litaisha. Akijibu vingine, atakuwa amejishtaki mwenyewe. Sefania alikuwa na watoto wanne, wawili shuleni, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kazi.

Usiku huo hakumwuliza mtu shauri. Asubuhi alivaa kanzu yake safi akaenda. Alipoulizwa, alisema hivi, kwa mujibu wa kumbukumbu za baraza ambazo familia imeziona:

"Nilibandika ilani kwenye mlango wa watu ambao nilijua wako wapi. Kanuni inasema mtu apewe. Hakupewa."

Mzee mmoja wa baraza akamuuliza apewe nani, maana mwenye alikuwa amekufa.

"Apewe huyu mama. Jina lake halimo daftarini kwa sababu sikuliandika. Sikuliandika kwa sababu nilipotafsiri neno mwenye, niliweka mtu aliyeandikishwa, nikaridhika. Mke sikumfikiria. Nyumba haikuachwa, wazee. Ilikuwa inafanyiwa msiba."

Baraza lilikubali kwamba nyumba ilibomolewa isivyo haki, na Mama Koleta akabaki na kiwanja, lakini kama mkaaji tu. Sefania aliondolewa kazini mwezi Mei. Walihamia chumba cha kupanga karibu na Hamisi, watu sita katika chumba kimoja. Binti yao Ruthi, aliyekuwa darasani, alirudishwa Vudee kwa bibi yake na hakumaliza shule. Hilo marehemu hakuwahi kulieleza kama sadaka. Alisema ni gharama, na kwamba aliyeilipa si yeye.

Mwezi Juni alimwendea Mama Koleta kumwomba ruhusa ya kuijenga upya nyumba ile kwa mikono yake. Alikubali bila kumkaribisha kukaa. Sefania alikata fito, akachimba udongo, akapanda juu ya paa kama baba yake, na Mama Dorkas akiteka maji. Mama Koleta alikaa kwenye kigoda akisimamia. Siku ya kukandika alimwona akipaka udongo kwa ncha za vidole, akamwambia, "Karani, ukuta haukandikwi kwa kalamu. Zamisha mkono." Sharifa na wenzake waliokuwa wakipita walicheka, na Sefania akazamisha mkono. Nyumba ilikwisha tarehe 30 Agosti. Mama Koleta aliingia, akafunga mlango. Chai ya kwanza alimpa mwaka uliofuata, siku ya kumbukumbu ya Karoli.

Kwa miaka sita Sefania alilima maharage na viazi hapa Vudee. Mwaka 1947 aliitwa tena Same, kwa kuwa daftari lilikuwa limevurugika na hakuna aliyeujua vizuri ukurasa wa kwanza. Alirudi akiwa na maombi mawili kwenye karatasi. La kwanza, nyumba isiitwe iliyoachwa kabla ndugu na majirani hawajaulizwa, nalo lilikubaliwa mwaka 1948. La pili, neno mwenye limhusu pia mjane anayeendelea kukaa katika nyumba ya mumewe. Hili lilirudishwa mara mbili. Kila mara alilinakili upya, akabadilisha tarehe, akalipeleka.

Lilikubaliwa mwaka 1952. Jumatatu tarehe 7 Julai alimwita Mama Koleta ofisini, akafungua daftari la viwanja, akaandika jina lake mbele yake katika namba 27. Mama Koleta alimwomba alisome. Akalisoma.

"Limechelewa," alisema Mama Koleta.

"Limechelewa, Mama."

Marehemu alistaafu mwaka 1955, ila hakuacha kuzunguka Jumatatu ya kwanza ya mwezi, bila daftari na bila mamlaka, akiuliza tu. Mwezi Agosti mwaka huu miguu ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Alilazwa hospitalini mara mbili, kisha akaomba kupandishwa mlimani. Alifariki hapa Vudee, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1957, saa tatu asubuhi, Mama Dorkas akiwa amemshika mkono. Mama Koleta alifika jana kutoka Same. Tulipomuuliza kama angependa habari ya nyumba yake ipunguzwe katika wasifu huu, alisema isomwe yote, na kwamba tusisahau kusema ukuta ule haujapata ufa hata leo.

Marehemu ameacha mjane, Mama Dorkas. Watoto wanne, Eliakunda, Ruthi, Fanueli na Kaanaeli. Wajukuu kumi na mmoja. Ndugu wawili, wapwa na majirani wa Same na Vudee. Kiwanja namba 63 cha Same, walichojenga baada ya kurudi kazini, kiliandikwa kwa jina la Dorkas mwaka uleule wa 1952, akiwa bado mke na si mjane. Hakuna atakayefika mlangoni pake kumuuliza yeye ni nani.

Mungu aliyempa kazi ampe sasa mapumziko, na amani yake imfunike.

Kaburi lake liko Vudee, katika migomba ya baba yake Asheri, upande wa juu wa mfereji, kati ya kaburi la mama yake Lea na la mwanawe mchanga.