Mama Sikilizeni na Ufa wa Shamba la Juu

Kitu cha kwanza ambacho mjukuu wake mkubwa alikigundua kwa marehemu, alipopelekwa kukaa kwake msimu wa mvua akiwa bado mdogo, ni kwamba bibi yake alipanda kitandani na viatu. Vilikuwa viatu vya mpira, vimeoshwa na kukaushwa, na vilichungulia nje ya blanketi vikielekea mlangoni. Mtoto alicheka. Bibi hakucheka. Alimvalisha na yeye vya kwake, akamfunga kamba vizuri, akamwambia alale.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1952, mtoto wa tatu wa baba mhunzi na mama mkulima wa viazi vitamu. Kwa mama alirithi mikono, kwa baba sauti, maana nyumbani kwao aliyetaka kusikika ilimbidi aishinde nyundo. Kila alipotaka kusema neno alianza na "Sikilizeni," na jina hilo likamganda. Hata hapa leo wapo waliomjua miaka yote kwa jina la Mama Sikilizeni tu.

Alisoma shule ya msingi hadi darasa la sita. Inasimuliwa kwamba mwalimu alipofundisha kuwa dunia inazunguka, wenzake waliandika, lakini yeye alinyoosha mkono akauliza ni nani anayeishikilia. Darasa zima liliangua kicheko. Mwaka uliofuata mama yake aliugua, na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia. Aliacha masomo, ila swali lile hakuliacha.

Tarehe 14 Desemba 1971 alifunga ndoa na mkulima mwenzake, akahamia kwenye shamba la mteremkoni, penye udongo mweusi unaonata vidoleni. Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike. Mumewe alikuwa mtu wa utani. Aliwaambia wageni kwamba mkewe akisimama tambarare hupepesuka, kwa sababu amezoea kuegemea mlima. Marehemu naye alijibu kwamba hauegemei, anauzuia.

Kazi yake ilikuwa kilimo tangu alipojua kushika jembe mpaka miguu ilipomkatalia. Alilima mahindi juu ya nyumba, na maharage chini, kwenye kipande chao pekee cha tambarare. Kuhusu mazao alikuwa na maoni makali kuliko wengi walivyo nayo kuhusu siasa. Maharage aliyaheshimu kwa kuwa yakiwa na shida hukuambia mapema. Viazi hakuviamini, kwani huficha mambo yao ardhini mpaka siku ya kuvuna. Mbuzi alimwona mnyama asiye na adabu hata kidogo, na jirani anayeazima jembe bila kurudisha alimweka kundi moja na mbuzi. Alishikilia kwamba mti ulio juu ya nyumba ya mtu haukatwi, hata mwenye kuukata awe na kibali cha nani.

Mumewe alifariki mwaka 2009. Mwaka uliofuata, akipalilia mahindi ya juu, jembe lake lilizama bila kugusa kitu. Aliondoa magugu akaona ufa mwembamba, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine. Aliujaza udongo na samadi, akapanda nyasi juu yake. Mvua zilipokuja ulifunguka tena, na msimu huohuo mlango wa nyumba ukakataa kufungwa.

Aliitwa fundi seremala, jirani wa siku nyingi. Aliukagua mlango akasema ni unyevu tu, mbao zimevimba.

"Mbao, shemeji, au nyumba?" marehemu alimuuliza.

Fundi alicheka, akapiga randa, mlango ukafungwa. Mwaka uliofuata aliitwa tena, na mwingine tena, hadi mlango ukawa mwembamba upande mmoja kama kabari, na fundi mwenyewe akaacha kucheka. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba mlima unasogea, wala aliyeweza kusema hausogei. Tangu hapo hofu ilihamia pale nyumbani kama mtu wa familia. Mvua ikianza, marehemu alizima redio, akasimama katikati ya chumba akisikiliza, kijiko cha mchuzi mkononi.

Mwanawe, aliyeoa na kubaki naye, hakutaka kusikia habari ya kuhama. Alisema ule mlima umekaa pale tangu enzi za babu yake. Mama yake akamjibu kwamba hata babu alikaa, mpaka siku aliyoondoka.

Mwezi wa nne uliopita, mchana, marehemu akiwa jikoni na mkwe wake, ilisikika sauti huko juu kama gunia zito linaloburutwa. Alimshika mkwewe mkono wakatoka mbio, wakajibanza chini ya paa la fundi seremala, wamelowa chapachapa, wakaitazama nyumba yao. Haikuanguka. Walisimama hivyo mpaka mvua ilipokatika. Mwanawe aliporudi aliwatania kwamba wamekimbia ngurumo. Kisha alipanda juu kuutazama ufa. Alishuka polepole, upande mmoja wa shati umejaa tope.

"Mama," alisema, "mkono umeingia mpaka begani, na sijagusa chini."

Asubuhi yake marehemu alishuka tambarare. Maharage yalikuwa katika maua. Waliomjua wanafahamu kwamba hata boga lililoota njiani alilizunguka asilikanyage. Siku ile aliyang'oa maharage yote kwa mikono yake, mstari baada ya mstari, akayalaza pembeni, akamwambia mwanawe ajenge hapo.

Ujenzi uliendelea kadiri nguvu zilivyoruhusu, lakini afya ya marehemu ilidhoofika. Alikuwa na tatizo la moyo, na miguu ilivimba. Daktari alimshauri apunguze wasiwasi. Alimkaribisha daktari aje alale kwake siku moja ya mvua, halafu waone nani atampa nani dawa. Mwezi uliopita alilazwa. Alichouliza kila siku si hali yake. Aliuliza kuta zimefika wapi, na mkwe, aliyekuwa mjamzito, analala wapi. Jibu la swali la pili lilikuwa lilelile: kwenye nyumba ya juu, chini ya ufa.

Asubuhi ya kufariki kwake, tarehe 11 mwezi huu, mwanawe alimwambia mabati yamefika.

"Basi yapigilieni," alisema. "Msije mkakaa kunililia huku paa liko wazi."

Marehemu ameacha mtoto wa kiume na wa kike, mkwe mmoja aliyempenda kama binti, wajukuu watatu, na dada yake mdogo. Yupo pia mjukuu wa nne, anayetarajiwa wiki hii au ijayo. Mungu ampokee Mama Sikilizeni, ampe usingizi usio na cha kusikiliza.

Kwa kutii kauli yake, familia inatangaza kwamba keshokutwa, Jumatatu asubuhi, fundi seremala anapandisha mbao za paa kule tambarare, na kila anayeweza kushika nyundo anakaribishwa. Mawingu mmeyaona wenyewe. Familia hii imeishi kwa kuomba mvua. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, inaiombea ichelewe. Mkwe wa marehemu aliombwa aongeze neno kabla wasifu huu haujachapishwa, akasema fundi aambiwe awahi, kwa sababu huyu wa tumboni hajui kusubiri, na yeye hataki kumzalia kule juu.