Futi Thelathini, na Mimi Nikiwemo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nyinyi wa nyuma hamjaitika, nitarudia: Bwana asifiwe!

Naitwa Nabwire, wa hapa hapa Dabani, mke wa Wandera, yule mnayemwona benchi la mbele na mkongojo wake. Nimeokoka, nampenda Yesu, na kazi yangu ni kuosha madirisha. Msicheke! Majengo ya vioo yamejaa Busia, yamejaa Tororo, na vumbi la malori ya mpakani halichagui kioo cha tajiri. Mungu amenilisha kwa vumbi hilo.

Zamani tulifanya kazi hii wawili. Wandera alipanda ngazi, mimi nilibaki chini nikiishika. Miaka miwili iliyopita niliiachia kidogo tu nikabadilishe maji ya ndoo, na ngazi ikamtupa. Ule mlio bado ninao masikioni. Nyonga ilivunjika. Tulipotoka hospitali alinishika mkono akasema, "Nabwire, mimi naomba wewe kitu moja tu. Usipande ngazi. Hata kama kazi naisha, usipande." Nikaapa mbele za Mungu. Ngazi yenyewe nikampa jirani wa kuchumia parachichi, nisiione tena uani kwangu.

Nikabaki na nyumba fupi fupi. Lakini mjini siku hizi kila mtu anajenga kwenda juu, na kazi zangu zikazidi kupungua. Halafu Mzee Owor wa Tororo akamaliza hoteli yake ya ghorofa, madirisha ya juu kabisa yakiwa futi ishirini na nane kutoka ardhini. Alitaka mtu mmoja wa kuyaosha yote, kila mwezi. Ndugu zangu, niliitamani kazi ile mpaka nikafunga kula na kuiombea.

Siku ya tatu ya mfungo, nikaona tangazo kwenye simu. Fimbo ya kuoshea madirisha, inayovutika kipande ndani ya kipande kama eria ya redio, juu ina brashi. Maandishi yalikuwa makubwa: "INAFIKA FUTI THELATHINI! SAHAU NGAZI!" Kwenye picha kulikuwa na kijana amesimama kwenye nyasi, fimbo imepanda mpaka ikapita picha yenyewe, hata mwisho wake hauonekani. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini mwisho hauonekani. Mimi nilipiga magoti nikashukuru! Na kabla fimbo haijafika, nikampigia Mzee Owor: "Mzee, madirisha yote nafika, nikiwa nimesimama chini." Akasema njoo Jumatatu.

Mzigo ulifika upande wa Kenya, nikavuka kuuchukua. Sasa, sisi watu wa mpaka tunajijua. Mzigo haufunguliwi njiani! Ukiufungua, kila mtu anataka kuona una nini na kuuliza ushuru umelipa wapi. Kwa hiyo nikatia sahihi kwamba nimepokea kitu kizima, bila hata kuchungulia, nikauweka kwapani na kurudi kwetu haraka. Nyumbani niliufungua sebuleni, nikavuta vipande viwili, fimbo ikagonga ukuta. Nikasema, haleluya, ni ndefu mpaka nyumba haitoshi!

Jumatatu nikasimama mbele ya hoteli ya Mzee Owor. Nikavuta vipande vyote, nikainua, nikanyoosha mikono. Brashi ikaishia katikati ya ukuta. Juu yake ukuta ukaendelea, na juu ya huo ukuta ndiko yalikokuwa yale madirisha, yananitazama.

Nikailaza fimbo chini nikaipima kwa mikono, pima kwa pima, kama tunavyopima kamba ya mbuzi. Pima tatu tu. Futi kumi na nane! Nikampigia muuzaji. Akajibu kwa upole sana, "Mathe, tulia. Si tuliandika inafika? Fimbo ni kumi na nane. Wewe na mikono juu ni kama saba. Halafu ukipanda ngazi futi tano, si ni thelathini?"

"Lakini mmeandika sahau ngazi!"

"Hiyo ni tangazo tu, mathe." Akakata.

Ndugu zangu, walinihesabu mimi! Nilinunua mwili wangu mwenyewe, na mikono yangu ambayo Mungu alinipa bure, na ngazi niliyoapa kutoigusa. Nilikasirika! Na Mzee Owor alikuwa amesema atafika saa sita na wageni wake kuangalia kazi.

Shetani hachelewi. Nyuma ya hoteli wapaka rangi walikuwa wameacha ngazi yao. Nikasikia moyoni: futi tano tu, huko ni kupanda? Hata kuku anaruka futi tano. Nikaileta ile ngazi, nikaiegemeza ukutani juu ya vigae vipya, nikapanda. Hakuna aliyenishikia. Brashi ikafika! Nikasugua dirisha la kwanza, maji ya sabuni yakiteremka ukutani mpaka kwenye vigae.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Nikaegemeza fimbo ukutani, nikatoa simu. Ni Wandera.

"Nabwire, wewe iko wapi?"

"Niko chini."

"Chini kabisa?"

"Chini kabisa, baba Sanyu."

"Basi, Mungu abariki kazi yako." Akakata, ameridhika.

Nikabaki nimeshika simu hewani. Yule muuzaji aliongeza futi, na mimi nimepunguza futi. Tofauti yetu ni nini? Yeye alimdanganya mtu asiyemjua. Mimi nilimdanganya mwanamume ambaye hawezi kukimbia kuja kuniokota! Nikasema kwa sauti, "Bwana, nishushe." Sikusema nifikishe, nilisema nishushe. Nikateremka, ngazi moja moja, machozi yananiziba macho.

Nikakanyaga chini, lakini hata kwenye ndoo yangu sikufika. Nilisikia kraaa! Miguu ya ngazi iliteleza kwenye vigae, kwenye sabuni niliyoimwaga mimi mwenyewe, na ngazi nzima ikaanguka na fimbo juu yake. Chungu cha maua kikapasuka vipande. Askari wa getini akaita jina la Yesu kuliko sisi sote tunavyoliita humu! Aliniona juu, halafu aliona ngazi inaanguka, akadhani mimi nimo. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, mzima, hata kandambili haijanitoka. Mpeni Bwana makofi!

Mzee Owor alipofika sikumficha. Nikamwambia fimbo haifiki, na kwamba nilimwahidi kitu nisichokipima. Akasema, "Mama, wewe nadanganya mimi." Nikajibu, "Ndiyo, Mzee, nilikudanganya." Yale ya juu akawapa watu wengine, mimi akaniachia ya chini na ya kati, yale ninayoyafika. Niliumia, sitasema uongo tena leo. Lakini nimeyaosha kila mwezi tangu hapo, na yanang'aa.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Nikamwambia Wandera, "Uliponipigia, sikuwa chini." Alimaliza ugali wake kwanza. Halafu akaomba kamba ya katani, akakaa kizingitini akifunga mafundo, fundo kila futi, mpaka thelathini. Akanipa. "Sasa wewe napima kwanza, nasema baadaye."

Kamba ndiyo hii. Ikiwa unataka kununua kitu cha kwenye simu, fimbo, zulia, turubai, mwambie muuzaji akilaze chini akipige picha mwanzo hadi mwisho. Akikataa, kaa na pesa yako. Mzigo ukifika, fungua pale pale, watu watazame, wakichoka wataacha. Na chini ya lile tangazo niliandika: "Fimbo hii ni futi kumi na nane. Mimi si sehemu ya fimbo." Wakafuta, nikaandika tena. Wamefuta mara tano, mimi nimeandika mara sita. Nikitoka kwenye maombi ya asubuhi, naangalia. Sijachoka!

Lakini sikuja kuwaambia habari za fimbo tu. Kuna mmoja hapa leo ambaye amepanda mahali, na watu wa nyumbani wakimpigia simu anasema yuko chini. Ndugu yangu, dada yangu, teremka! Omba kushushwa, usione aibu. Aliyenifikia pale ukutani hakuhesabu mikono yangu, wala hakuhesabu ngazi. Alifika kwa mkono wake mwenyewe, na haukupungua hata futi moja. Mwamini.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Jumamosi nitaosha madirisha ya kanisa hili, haya ya chini. Yale ya juu tumtafutie mtu. Wandera atanipigia simu, namjua. Ataniuliza niko wapi. Nitamwambia niko chini, na yeyote anayetaka na aje na kamba apime.