Mama Chomoa Akabidhi Ufunguo wa Kabati

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia hospitali hii, mkuu wetu wa chumba cha kompyuta anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Juni. Jina lake la kwenye vyeti wengi hawalijui. Sisi humwita Mama Chomoa, naye huitika.

Alianza kama mpiga chapa wa mapokezi. Kompyuta ya kwanza ilipofika, wenzake waliifunika kitambaa cha kufuma. Yeye aliifungua mgongo aone kilichomo. Mwaka uliofuata alipelekwa mafunzoni, na aliporudi akapewa chumba.

Jina alilipata kwa kazi yake ya kila Ijumaa. Kumbukumbu zote za wagonjwa hutunziwa kwa kampuni ya nje, kupitia mtandao, na Mama Chomoa hakupata kuiamini. Saa tisa alasiri hunakili kila kitu kwenye diski, huchomoa waya, huifungia diski katika kabati la chuma, kisha hutia tiki daftarini. Mfamasia aliwahi kumuuliza kama nyumbani huchomoa na friji. Akajibiwa kwamba friji haijawahi kuandika dozi ya mtu.

Mwaka huu alinikabidhi kazi hiyo mimi, msaidizi wake. Ijumaa ya tatu nilikuwa na haraka zangu. Nikatia tiki, diski sikuigusa. Jambo hili sijalisema popote, na tangu siku hiyo nikikaa kitini situlii.

Jumanne iliyofuata, asubuhi, kampuni ya nje ikazimika na skrini zetu zote zikabaki tupu. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti akashuka ngazi mbio. Alikuwa na watoto tisa, kila mmoja na dozi yake ya kupimwa kwa matone, na dawa ilitakiwa saa sita. Mabadiliko ya tangu Ijumaa jioni alikuwa nayo kwenye karatasi za zamu. Yaliyotangulia yalikuwa kwenye mtandao. Wote wakanigeukia. Nilijua diski ina dozi za siku kumi na moja nyuma, na njiti wa siku kumi na moja nyuma si huyu wa leo.

Mama Chomoa alifungua kabati, akaichomeka diski kwenye ile kompyuta kuukuu isiyounganishwa na chochote. Faili zikafunguka. Tarehe yake ilikuwa ya Jumamosi. Kumbe alikuja siku yake ya mapumziko, akakuta tiki bila nakala, akanakili mwenyewe. Watoto wote tisa walipata dawa kwa wakati. Mimi alinivuta kando tu.

"Tiki haifungui faili, mwanangu," alisema.

Mtandao ulirudi Alhamisi. Mkutanoni, mkurugenzi alinipongeza mimi, nami nikapokea, huku Mama akipiga makofi na wenzake. Pongezi ile haikuwa yangu. Leo nairudisha kwa mwenyewe, mbele ya wote.

Ahsante, Mama. Wajukuu wakufaidi, na afya isikupungukie. Naandika haya saa kumi jioni. Nimenakili, nimechomoa, nimefungua faili kuhakiki, na kabati nimeshalirudia mara tatu kulitikisa mlango. Kesho ni Jumamosi. Usije kukagua, nitakuja mimi.