Mama Huenda, Aliyeulizwa Kila Asubuhi Mvua Iko Wapi

Habari za asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Najua ulichosema ulipoamka leo. Umefungua dirisha, hata upepo hakuna, ukasema, "Joto gani hili jamani?" Usione aibu. Na mimi nimesema hivyo hivyo nikipanda ngazi za kuja studio. Mlinzi wetu wa mlangoni amenijibu, "Na hao watu wenu wa hali ya hewa si walisema kutakuwa na mawingu? Haya, mawingu yako wapi?"

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeulizwa swali hilo kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita. Narudia, ishirini na sita. Alitusomea utabiri wa hali ya hewa hapa hapa, kwenye kiti hiki nilichokalia, saa moja na dakika tano asubuhi. Ametutoka Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na mmoja. Moyo ulikuwa unamsumbua tangu mwaka jana.

Ninyi mlimjua kwa jina la Mama Huenda. Jina hilo mlimpa wenyewe, maana hakuwa na utabiri usio na neno hilo. Huenda mvua ikanyesha mchana. Huenda upepo ukapungua jioni. Mtu mmoja aliwahi kutupigia simu akauliza, "Huyo mama mumewe akimuuliza kama chakula kimeiva, naye anamjibu huenda?"

Nilimfikishia mumewe swali hilo juzi, pale msibani. Mumewe ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Mwambie ndiyo. Na mara nyingi kilikuwa hakijaiva."

Kabla ya redio, Mama Huenda alikuwa mpimaji. Kazi yake ilikuwa kwenye kituo kidogo cha hali ya hewa, chumba kimoja na uwanja wa nyasi uliozungushiwa waya. Katikati ya uwanja kulikuwa na kisanduku cheupe chenye miguu mirefu, ndani yake vipimajoto. Pembeni kulikuwa na kopo la kupimia mvua. Alisoma, aliandika, alituma. Miaka kumi na tatu alifanya kazi hiyo na hakuna aliyemlalamikia. Alikuwa akisema, "Kusema mvua ya jana ilikuwa kiasi gani, hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza ukitaja kesho."

Alianza kuitaja kesho alipokuwa na miaka thelathini na minane, alipoletwa hapa kituoni. Mwezi wa pili tu, akaangukia pua. Alisema Jumamosi itakuwa kavu. Jumamosi ile ikanyesha mvua ya kubomoa mahema. Jumatatu asubuhi mama mmoja aliingia hapa na mfuko wa plastiki. Akatoa viatu vyeupe viwili vya bibi harusi, vimejaa tope mpaka kisiginoni, akaviweka mezani mbele ya Mama Huenda. Akageuka akaondoka.

Mama Huenda alivisafisha viatu vile kwa mikono yake, akavirudisha kwa mwenyewe. Na kesho yake hewani alianza hivi: "Jumamosi nilisema itakuwa kavu. Ilinyesha. Nilikosea. Sasa sikilizeni ya leo."

Tangu siku hiyo hakuacha. Kila utabiri ulianza na matokeo ya jana. Jana nilisema hivi, ikawa vile. Bosi wetu wa wakati huo alimwita ofisini. Akamwambia, "Dada, unajivua nguo mbele ya watu." Naye akajibu, "Bosi, walikuwa wameshaona. Afadhali nijivue mwenyewe."

Je, watu walimwamini zaidi? Wasikilizaji wapendwa, tuwe wakweli. Hapana. Mlicheka zaidi. Na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa kijana, nimekabidhiwa kipindi cha asubuhi, nikaona utani ni huo. Akimaliza kusoma, mimi nadakia, "Haya, Mama Huenda amesema jua. Chukueni miavuli!" Mji mzima ulicheka. Naye alicheka. Siku moja tulipotoka studio akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, leo umewaambia watu wachukue miavuli. Isiponyesha, kesho utawaambia nini?" Niliendelea na utani ule miaka miwili mingine, lakini haukuwa mtamu tena.

Sasa nikwambie habari za mlalamikaji mkuu.

Alikuwa dobi. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, mitaa miwili kutoka hapa. Sote tulimwita Mzee Pasi. Yeye riziki yake ni jua. Kamba zake za kuanikia zinajaza uwanja mzima. Mama Huenda akisema mvua, Mzee Pasi anaanua mashuka mabichi, halafu jua linawaka mpaka jioni. Akisema jua, anaanika, halafu wingu linatokea kusikojulikana. Basi kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, simu ya hapa inalia. Hakuna haja ya kuuliza ni nani.

Mama Huenda alijaribu kumweleza. "Mzee wangu, nikisema huenda, maana yake siku kumi zikifanana na leo, saba zitanyesha, tatu hazitanyesha."

Mzee Pasi akauliza, "Sawa, mama. Sasa mimi nifue ile ya saba au ile ya tatu?"

Miaka kumi na tano mfululizo, wawili hawa walizungumza kila siku ya kazi, na hawakuwahi kuonana. Mmoja analalamika, mwingine anasikiliza. Binti yake Mama Huenda, ambaye ni fundi cherehani, aliniambia, "Kaka, mama akiwa likizo nyumbani, ikifika saa moja na dakika kumi anaitazama simu. Tulikuwa tunamtania kwamba ana mchumba."

Tunafika kwenye kiangazi cha miaka kumi na moja iliyopita. Wengi wenu mnakikumbuka. Mama Huenda alikuwa na miaka sitini. Alisoma utabiri wake kwa sauti ile ile, lakini safari hii hakusema huenda. Alisema, "Joto kali linakuja. Siku nane. Litapita nyuzi thelathini na tisa, na usiku halitapungua. Wazee wakae kivulini. Anayefanya kazi karibu na moto, apumzike mchana. Kunyweni maji hata kama hamna kiu."

Simu ziliwaka. "Joto ni joto, kila mwaka tunaliona!" "Anatutisha ili tumsikilize!" Na kibaya zaidi, siku ya kwanza akakosea. Mawingu yalipita, joto likafika thelathini na tano tu. Asubuhi akaanza kama kawaida, "Jana nilisema thelathini na tisa. Ikawa thelathini na tano. Nilikosea. Lakini joto linakuja." Hiyo sentensi ya mwisho hakuna aliyeisikia. Mzee Pasi alipiga simu amefura. "Mama, jana nimefunga kazi saa sita kwa ajili yako. Nguo za watu zimelala. Sikusikilizi tena!"

Siku ya pili joto likafika. Siku ya tatu, nyuzi arobaini. Siku ya nne, arobaini na moja. Mzee Pasi alipiga siku zote hizo, kulaumu kwamba sasa limezidi na hakuambiwa vizuri.

Siku ya tano, saa moja na dakika kumi, simu haikulia.

Nilikuwepo. Mama Huenda alikuwa anakusanya karatasi zake. Akasimama, akaiangalia simu. Saa moja na robo. Saa moja na dakika ishirini.

"Hajapiga," akasema.

Nikamwambia, "Labda amechoka kulalamika."

"Huyo? Kulalamika ndiyo chai yake." Akachukua mkoba wake. "Twende."

Nikamwambia tuna kikao saa mbili. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Tulienda kwa miguu, karibu tukimbie. Mlango wa kibanda ulikuwa umefunguliwa nusu. Kabla hatujaingia tulisikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ndani, chumba cha bati, hakuna dirisha, pasi ya umeme imelala juu ya shati na moshi unatoka. Nilichomoa waya. Mzee Pasi alikuwa chini, ameegemea marobota ya nguo. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama ukuta wa tanuri. Macho yamefunguka lakini hayatuoni. Baadaye tulijua kwamba alikuwa akipiga pasi tangu alfajiri, afidie zile nguo zilizolala.

Wasikilizaji wapendwa, mimi niliganda. Nasema kweli. Mama Huenda hakuganda. Alivuta mashuka mawili kutoka kwenye rafu, akayatumbukiza kwenye pipa la maji, akamfunika nayo mwili mzima. Akaanza kumpepea kwa faili lake la utabiri. Akanipigia kelele, sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Unangoja nini? Tafuta gari!"

Nilipata gari la muuza mboga. Tulimfikisha kituo cha afya. Daktari alituambia kwamba tungechelewa nusu saa, yeye angekuwa anatupa habari nyingine.

Jioni yake tulirudi kumwona. Mzee Pasi alikuwa amelazwa, dripu mkononi. Mama Huenda akasogea, akasema, "Mzee wangu, mimi ndiye wa hali ya hewa." Ilikuwa mara ya kwanza wao kuonana uso kwa uso, mzee akiwa na fahamu zake. Mzee akamtazama. Nikajua sasa atamshukuru.

Akasema, "Yale mashuka ni ya hoteli. Nilikuwa nimeshayapiga pasi."

Mama Huenda alicheka, halafu akaketi kwenye ukingo wa kitanda akalia. Na mzee akamshika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, mama. Sikudhani kuna mtu ananingoja."

Kesho yake asubuhi, saa moja na dakika tano, alianza hivi. Maneno haya ninayo kwenye kanda, nimeyasikiliza tena jana. "Jana nilisema nyuzi arobaini na moja. Ikawa arobaini na moja. Nilipata. Lakini siku tano nimewaambia wazee wakae kivulini. Nilisema tu. Sikwenda kuangalia. Hapo ndipo nilipokosea."

Kisha akatoa ombi. Akasema, "Wote mnaotupigia kulalamika, endeleeni. Tuachieni majina na mtaa. Anayeishi peke yake, apige kila asubuhi, alalamike anavyotaka. Asiyepiga mpaka saa nne, tutamtafuta."

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile orodha. Siku ya kwanza ilikuwa na watu kumi na wanane. Mwisho wa joto lile ilikuwa na watu sitini na wanne. Siku ya saba, mama mmoja mstaafu hakupiga. Jirani aliyetumwa alimkuta ameanguka bafuni, mzima bado. Yuko hai hadi leo, na ametuma salamu zake asubuhi hii. Orodha hiyo bado ipo. Kila msimu wa joto tunaifungua upya.

Msidhani baada ya hapo mlimheshimu. Joto lilipokatika, Mama Huenda alitabiri mvua, na mvua haikuja. Wa kwanza kupiga simu alikuwa Mzee Pasi, katoka hospitali wiki iliyotangulia. "Mvua iko wapi, mama?" Na sisi sote hapa studio tulishangilia kama tumefunga goli.

Alistaafu akiwa na miaka sitini na minne. Aliendelea kusikiliza redio kila asubuhi, na kunipigia simu nikitamka vibaya jina la wingu.

Amezikwa Jumamosi. Mzee Pasi alikuwepo. Ana miaka themanini na mitatu sasa, kazi ameiacha, mikono inatetemeka. Siku moja kabla ya maziko alifika nyumbani kwa marehemu akaomba jambo moja tu. Aliomba apewe gauni atakalozikwa nalo Mama Huenda, alipige pasi. Binti wa marehemu aliniambia, "Tulitaka kumkatalia, tukiogopa ataunguza. Akakaa nalo saa nzima, kaka. Gauni moja, saa nzima. Hakuacha mkunjo hata mmoja. Na muda wote alikuwa anazungumza na mama, anamlalamikia joto."

Kwa mume wa marehemu, fundi wetu: pole sana, mzee wetu. Kwa binti na wajukuu: poleni. Mlitugawia mama yenu asubuhi zote zile ambazo angekuwa nanyi mezani. Hatuna cha kuwalipa. Tunasema asante, na Mungu ampokee kwa wema ule ule aliotutendea.

Na sisi tuliobaki, tujiulize kidogo. Kijana anayesoma utabiri wetu siku hizi amepigiwa simu kumi na saba za lawama leo, na haijafika hata saa tatu. Nimemwambia ashukuru, maana hao kumi na saba tunajua wameamka salama. Lakini yupo mtu mtaani kwako, aliyezoea kulaumu kila kitu: jua, vumbi, kelele za watoto wako. Fikiri vizuri. Leo umemsikia?

Kama hujamsikia, zima redio uende ukamgongee mlango. Usingoje kipindi kiishe.